Brauza ya spea: ukurasa umegoma, shida iko wapi na ya pili uweke gani

Mi nina duka la steshenari hapa Malaba mpakani, upande wa Uganda, naprinti, naskani, najazia watu fomu za mtandaoni. Kwa miaka niliyokaa hapa nimeona watu wengi wanaokwama hawakwami kwa sababu intaneti imekufa, wanakwama kwa sababu wana brauza moja tu na hiyo moja ikigoma hawana pa kwenda. Dereva ametoka Mombasa anaenda Juba, lori liko kwenye foleni, anataka kutuma fomu moja kabla hajafika getini, anabonyeza haikubali, anabonyeza tena, anazima simu anawasha, dakika arobaini zimeenda hivyo. Alafu unamfungulia fomu ileile kwenye brauza nyingine, simu ileile, laini ileile, inapita. Inaniuma kila nikiona maana hiyo kitu ilikuwa ya dakika tatu.

Kwa hiyo naandika hapa vile mi hutafuta shida, dalili kwa dalili. Lakini shika hili kwanza, brauza ya pili iwe na injini tofauti na ile unayoipenda, na uiandae siku ambayo huna shida yoyote.

Una brauza tatu na zote zinagoma palepale

Hii naiona sana. Mtu anakuja anasema mzee nimejaribu zote, Chrome, Edge, mpaka Opera, hakuna inayokubali. Kumbe hizo tatu ndani ni kitu kimoja! Injini ndo ile sehemu ya brauza inayosoma ukurasa na kuuchora kwenye skrini, na ya Chrome inaitwa Blink, Google waliitengeneza 2013 kutoka kwa WebKit. Opera zamani ilikuwa na injini yake yenyewe, Presto, ikaiacha mwaka huohuo wa 2013 ikahamia kwa Blink. Microsoft nao walikuwa na yao, Januari 2020 wakaleta Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium, ule msingi wa Chrome, yaani Blink tena. Brave ni Blink, Vivaldi ni Blink, Samsung Internet ni Blink. Kwa hiyo kama ukurasa una ugomvi na Blink, utagombana nazo zote, na wewe utaamini kwamba umejaribu kila njia kumbe umejaribu njia moja mara tatu.

Injini tofauti kweli ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzipata zimebaki tatu: hiyo Blink, Gecko ya Firefox, na WebKit ya Safari. Safari iko kwenye vifaa vya Apple tu, kwa hiyo sisi wa Android na Windows hesabu ni fupi. Kama umezoea Chrome au Edge au Brave au Samsung, ya pili weka Firefox. Kama umezoea Firefox, ya pili weka yoyote ya Blink, na hapo mi nasema Edge kwa kompyuta na Chrome kwa simu kwa sababu tayari zimo humo, huhitaji kumaliza MB kuzipakua. Ukiwa mtu wa Firefox unaihitaji ya pili zaidi ya wengine, maana kuna tovuti ambazo waliozitengeneza wamezijaribu kwenye Chrome wakaishia hapo.

Wa iPhone mnisikilize vizuri, huko mambo ni mengine. Apple wanataka brauza zote za iPhone zitumie WebKit, hata ukiona jina la Chrome au Firefox ndani ni WebKit. Waliachia kidogo Machi 2024 na iOS 17.4, lakini ni kwa nchi za Umoja wa Ulaya, siyo huku kwetu. Brauza ya pili kwenye iPhone bado inasaidia kwa sababu ina kuki zake, vile vifaili ambavyo tovuti inaacha kwenye brauza ili ikukumbuke, na setingi zake, ila kama shida ni injini, spea yako ni kifaa kingine kabisa, laptopu au simu ya jirani.

Ukurasa umefunguka lakini kitufe kimekufa, au kile kiduara kinazunguka hakimalizi

Hapa ndo kazi kubwa iko, na mara nyingi shida siyo injini, ni takataka zilizojazana kwenye brauza uliyoizoea. Ile unayotumia kila siku ina kuki za miaka, ina kache, yaani nakala zilizohifadhiwa, ya kurasa zilizoshabadilika, ina viongezo, vile viprogramu vidogo vya kubandika kwenye brauza, ambavyo hata hukumbuki nani aliviweka.

Fungua ukurasa huo kwenye dirisha la inkognito kwanza. Inkognito inaanza bila kuki za zamani, na viongezo vingi huwa vimezimwa humo mpaka wewe mwenyewe uviruhusu. Ukipita kwenye inkognito basi mhalifu ni kuki au kiongezo. Nenda ufute kuki za tovuti hiyo moja, usifute zote, ukifuta zote utatolewa kwenye akaunti zako zote na hapo utaanza kulia shida nyingine. Bado inagoma? Zima viongezo kimoja kimoja, anza na kizuia matangazo. Kuna mama mmoja anauza nguo hapa sokoni alikuja tarehe 15 jioni, siku ya mwisho ya ritani yake ya kodi, kitufe cha kutuma hakijibu kabisa, amejaribu tangu asubuhi mpaka macho yamekuwa mekundu. Mpwa wake alimwekea kizuia matangazo miezi nyuma na kilikuwa kinazuia kipande cha ukurasa ambacho ndo kinaendesha kile kitufe. Tulifungua brauza ya pili ambayo haina kitu ndani yake, ikapita mara ya kwanza, nyabo akakaa chini akashusha pumzi.

Na ndo maana mi nasisitiza brauza ya pili isiwe na kiongezo hata kimoja. Hata kile kizuri, hata kile unachokipenda. Ukiipamba kama ya kwanza itaumwa ugonjwa uleule. Kwa watu wa Brave, kizuizi kimejengwa ndani, bonyeza ile alama ya simba juu na uzime ngao kwa tovuti hiyo tu.

Sasa tuseme inkognito imegoma lakini brauza ya pili ya injini nyingine imekubali, hapo ujue shida ni injini au ni setingi ya ndani zaidi ya ile ya kwanza, maliza kazi yako kwenye ya pili alafu ukarudi nyumbani apdeti ile ya kwanza. Na kama zote mbili zimegoma kwa namna ileile, acha kusumbua brauza. Shida haiko humo.

Zote mbili zimegoma

Angalia tarehe. Kweli, tarehe tu. Laptopu za zamani zina betri ndogo ya duara kama shilingi, inaitwa CR2032, ndo inatunza saa wakati kompyuta imezimwa, ikifa basi kila umeme ukikatika kompyuta inaamka na mwaka wa nyuma kabisa. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani bado ni miaka kumi iliyopita inaona vyeti vyote bado havijaanza, na kila brauza itakuambia muunganisho siyo salama. Rekebisha saa, alafu badilisha hiyo betri, ni kitu rahisi. Usije ukabonyeza pale pa kuendelea kwa lazima, hasa kama unaenda kuweka paswodi.

Kwa sisi wa mpakani kuna shida yetu wenyewe. Simu ikisimama karibu na geti inashika mtandao wa Kenya bila kukuuliza, laini yako ya Uganda inakuwa kwenye rominga, na kama rominga ya data imezimwa basi hakuna brauza itakayofungua chochote. Angalia jina la mtandao juu ya skrini, uchague wa Uganda kwa mkono kwenye setingi.

Na wewe dereva wa Juba, hii yako. Sudan Kusini saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja tangu Februari 2021. Ukirudi huku ukasogeza saa kwa mkono bila kubadilisha eneo la saa, simu inaonyesha saa sahihi machoni lakini ndani imepotea saa nzima, na zile namba sita za app ya uthibitisho zinakataliwa kwa sababu zinahesabiwa kutoka kwa hiyo saa ya ndani. Utahama brauza mpaka uchoke. Rudisha saa kwenye otomatiki, basi.

Waifai za lojing nazo, ukishaunganisha hakuna kinachofunguka mpaka ukubali masharti yao kwenye ukurasa wao ambao haujitokezi, andika neverssl.com kwenye brauza na huo ukurasa utajitokeza. Kama hata hivyo hapana, muombe mtu mwenye laini ya kampuni nyingine afungue tovuti hiyo, ikimgomea na yeye basi ni tovuti yenyewe iko chini, kunywa chai urudi baadaye.

Malipo yanafika katikati yanakwama

Kabla hujagusa brauza ya pili, SIMAMA. Soma meseji za mobail mani, angalia salio, piga menyu uone muamala wa mwisho. Nimeona watu wamelipa ada mara mbili kwa sababu ukurasa uliganda wakadhani haikwenda wakahamia brauza nyingine wakalipa tena, na kurudishiwa pesa ni safari ndefu sana. Hakikisha kwanza haijakatwa.

Kama haijakatwa, sababu ya kawaida ni hii: ukurasa wa kulipia mara nyingi siyo wa tovuti uliyofungua, ni wa kampuni nyingine umewekwa ndani yake kama dirisha, na hilo dirisha linahitaji kuki zake. Safari inazuia kuki za watu wa nje zote tangu Machi 2020. Firefox kwa kompyuta tangu Juni 2022 inazifungia kila moja kwenye chumba chake kwa kila tovuti. Ni ulinzi mzuri na mi naupenda, sikwambii uuzime, ila wakati mwingine unakata hilo dirisha la malipo. Hapo Chrome au Edge kama ya pili inakutoa. Sababu nyingine ni popapu, benki inataka kufungua dirisha dogo la kuweka namba ya siri na brauza inalizuia kimyakimya, tazama kwenye upau wa anwani kuna alama ndogo, ruhusu kwa tovuti hiyo tu.

Tovuti inakwambia huruhusiwi, au inakuuliza picha za taa za barabarani bila kuisha

Mara nyingi ni VPN, ile app inayopitisha intaneti yako nchi nyingine uonekane uko huko. Hapa Uganda Facebook imefungwa tangu Januari 2021, kwa hiyo watu wamewasha VPN na wameisahau, iko inawaka siku nzima. Tovuti ya benki au ya ofisi inaona mtu anatokea Uholanzi saa nane usiku na inamkataa, au inamshuku ni roboti. Kuhama brauza hakusaidii kwa sababu VPN ya simu inabeba app zote.

Dawa ni kuigawa kazi. Opera ina VPN ya bure iliyojengwa ndani, na inafanya kazi ndani ya brauza hiyo tu, haigusi app zingine. Au kama VPN yako inaruhusu kuchagua app, ichagulie brauza moja tu. Ile nyingine iache ikiwa safi na anwani ya Uganda kwa ajili ya benki, kodi, shule na kitambulisho. Mi naona hii ndo sababu nzuri kabisa ya mtu wa Uganda kuwa na brauza mbili hata kama injini hazimhusu.

Simu ndogo, MB kidogo

Wengi wana Opera Mini na nawaelewa. Tangu Julai 2021 kila bando la data lina ushuru wa asilimia 12, baada ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018 kuondolewa. Chrome nayo ilikuwa na njia yake ya kubana data ikaiondoa Machi 2022. Opera Mini inabana kweli, inapeleka ukurasa kwenye seva zake kwanza, inaukamua, inakutumia uliokamuliwa.

Lakini kwa sababu hiyohiyo isiwe spea yako ya fomu. Kwenye ile njia yake ya kubana sana, fomu ya kisasa yenye menyu zinazofunguka na kupakia picha inavunjika, maana seva ndo inaendesha ukurasa, siyo simu yako. Na data yako inafunguliwa njiani huko kwenye seva, haiendi imefungwa moja kwa moja mpaka benki. Soma nayo habari na matokeo ya mpira. Paswodi ya pesa usiiweke humo. Kama simu ina RAM ya 2GB na hutaki kujaza app, basi kaa na mbili tu, Chrome iliyokuja na simu na Firefox, na Opera Mini iwe ya tatu ya kusomea.

Kompyuta ya mitumba

Ukinunua kompyuta iliyotumika na iko na Windows 7, jua Chrome yake iliishia toleo la 109, mapema 2023, haipandi tena hata ufanyeje. Tovuti mpya zitaanza kuonekana zimepinda. Firefox waliwaweka watu wa Windows 7 na 8 kwenye toleo la 115 la msaada mrefu na wakawa wanawasogezea muda, kwa hiyo kwa mashine hiyo Firefox ndo inakuwa ya kwanza, Chrome ya zamani ndo spea. Ni daraja la kukuvusha, ukipata uwezo hama. Kwenye simu ni hivyohivyo, Chrome mpya tangu 2025 haitaki chini ya Android 10, Firefox bado inakubali Android 8.

Na maejenti wa kliaringi ambao bado kuna mfumo wa ofisi unawaambia unataka Internet Explorer, ile brauza ya zamani ya Microsoft, hiyo ilistaafishwa 15 Juni 2022, msiitafute tena kwenye fleshi za watu. Edge ina hali ya Internet Explorer ndani yake, inawashwa kwenye setingi, na Microsoft wameahidi kuiweka mpaka angalau 2029.

Vitu viwili vidogo. Fomu za PDF za viza ya Kanada zinazokuandikia subiri na haziishi kusubiri, siyo intaneti yako, ni aina ya PDF ambayo Chrome haiifungui. Firefox tangu toleo la 93 la 2021 inaifungua, ila kujaza na kuthibitisha mpaka mwisho tumia Adobe Reader kwenye kompyuta. Na linki uliyoifungulia ndani ya Facebook ikikataa kuingia kwa akaunti ya Google, ni kwa sababu hiyo siyo brauza kamili, ni dirisha la app, na Google hairuhusu kuingia humo. Bonyeza vidoti vitatu, fungua kwenye brauza.

Spea ipo lakini haina upepo

Hii ndo inaniumiza zaidi. Mtu ana Firefox, nzuri, injini tofauti, anaifungua siku ya shida na hajui paswodi hata moja, zote zilikaa kwenye Chrome na yeye hakuwahi kuzikariri. Anaanza kuomba paswodi mpya, namba ya kuthibitisha inakuja kwenye laini iliyopotea mwaka jana, siku imekwisha.

Kwa hiyo leo jioni ukiwa na waifai iweke, kutoka Play Store au kwa wenyewe, siyo APK, lile faili la app, ya kutumiwa WhatsApp. Kwa kompyuta Firefox na Edge zote zinaweza kupokea paswodi na alamisho za Chrome, iko kwenye setingi, ila paswodi wakati mwingine inabidi uzitoe kwanza Chrome kama faili. Kwa simu ya Android ruhusu hazina ya paswodi ya Google ijaze na kwenye brauza nyingine. Alafu ingia kwenye zile tovuti tatu nne ambazo haziwezi kusubiri, benki, kodi, shule ya watoto, baruapepe, uone zinafunguka humo. Usiifanye iwe brauza kuu, linki zako ziendelee kwenda kwa ile uliyoizoea ili ya pili ibaki safi. Na kila mwezi ifungue mara moja uiapdeti, brauza iliyokaa mwaka bila apdeti ni mlango uliobaki wazi.

Kwenye kompyuta ambayo wateja wangu wanatumia nimeweka hizi mbili pamoja, na Firefox nimeiwekea setingi ya kufuta kuki na data za tovuti kila inapofungwa, kwa hiyo mtu akimaliza namwambia funga dirisha mwenyewe, nikiona ameacha wazi naenda naifunga mbele yake kabla hajatoka mlangoni.